Twiga wa Soy, Bongo wa Cherangani: Namna Bustani za Wanyama Zinavyosaidia Wanyamapori Wetu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wananchi, mikutano ya wazazi na vilabu vya mazingira shuleni katika Kaunti ya Uasin Gishu. Walimu, machifu na viongozi wa vikundi wanakaribishwa kuyasoma mbele ya hadhira zao.



Mtu akiondoka mjini Eldoret na kushika barabara ya Kitale, atafika Soy. Leo pande zote mbili za barabara ni mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, shule na makanisa. Kijana aliyezaliwa huko huenda akashangaa akiambiwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa na kundi la twiga zaidi ya 100 katika shamba moja kubwa la mifugo la takriban ekari 18,000. Hawakuwa twiga wa kawaida. Walikuwa twiga wa Rothschild, wale ambao miguu yao kuanzia magotini kwenda chini haina madoa, ikawa kana kwamba wamevaa soksi nyeupe. Wengine huwaita twiga wa Baringo.

Shamba hilo lilipokatwa vipande ili watu wasio na ardhi wapate makao, twiga walikosa pa kukaa. Jambo hili lisemwe wazi, bila kumlaumu mtu. Familia zilizopewa ardhi zilihitaji mashamba, na leo zinailisha nchi. Lakini twiga mmoja anakula majani ya miti siku nzima, anatembea mbali, na ua wa seng'enge haumtishi. Hawezi kuishi kwenye shamba la ekari tano lililopandwa mahindi. Ilibidi ama ahamishwe au apotee.

Mwaka wa 1974, Jock Leslie-Melville na mkewe Betty walimchukua twiga mchanga kutoka Soy, wakamwita Daisy, wakamlea nyumbani kwao Lang'ata, Nairobi. Baadaye walianzisha mfuko wa kuchanga fedha, na kwa fedha hizo makundi ya twiga wa Soy yalihamishiwa Ziwa Nakuru, Ruma, Mwea na Nasolot. Mahali alipolelewa Daisy pakawa kituo cha twiga kilichofunguliwa kwa umma mwaka wa 1983. Maelfu ya wanafunzi wa Kenya wamewahi kusimama pale wakimlisha twiga kwa mkono. Wachache wanajua kwamba asili ya twiga hao ni Soy.

Kwa hiyo mtu akiuliza, "Mnyama aliyefungiwa mahali anamsaidiaje mnyama aliye porini?" mkazi wa Uasin Gishu ana jibu karibu na nyumbani. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa mwaka wa 2021, ilihesabu twiga wa Rothschild wasiofika 1,000 nchini kote. Ni wachache, lakini wapo. Hata hapa kwetu bado wanaonekana katika shamba la Kruger, karibu na mlima wa Sergoit.

Mazungumzo haya yataeleza kazi ambazo bustani za wanyama hufanya kwa faida ya wanyama walio porini, mahali zinaposhindwa, na sababu ya jambo hili kumhusu mkulima wa Moiben na mfanyabiashara wa soko la Eldoret.

Kazi ya kwanza: kuweka akiba ya uzao

Mkulima mwenye busara hauli mahindi yote. Huweka kando mbegu ya msimu ujao. Bustani ya wanyama iliyo makini hufanya vivyo hivyo.

Mfano ulio karibu nasi ni bongo wa milimani. Huyu ni swara mkubwa wa msituni, rangi yake ni nyekundu ya kahawia, ana mistari myeupe ubavuni, na dume na jike wote wana pembe. Hupenda misitu ya juu yenye baridi na mianzi. Zamani alipatikana Aberdare, Mlima Kenya, Mau, Eburu na pia katika Milima ya Cherangani, ambayo mtu akiwa Moiben au Ziwa huiona siku isiyo na mawingu. Cherangani hayuko tena. Uwindaji wa mbwa, mitego ya nyaya, ukataji wa miti na magonjwa vilimmaliza. Katika misitu ya Kenya inakadiriwa wamebaki chini ya 100, na hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote.

Katika miaka ya 1960 na 1970 bongo kadhaa walinaswa katika misitu ya Kenya na kupelekwa ng'ambo, hasa Marekani. Waliopelekwa walizaana. Idadi yao katika bustani za wanyama ikaja kuwazidi walio msituni kwao. Mwezi wa Januari 2004, bongo 18 kutoka bustani mbalimbali za Marekani walirudishwa nchini kwa ndege na kupelekwa katika hifadhi iliyo chini ya Mlima Kenya, upande wa Nanyuki. Mwaka wa 2022 eneo la msitu liitwalo Mawingu lilitengwa, na bongo wa kwanza waliozaliwa hifadhini wakaachiliwa humo kujifunza kuishi msituni. Mwezi wa Februari 2025, bongo wengine 17 waliwasili kutoka kituo cha kuzalishia wanyama adimu katika jimbo la Florida. Mpango wa taifa ni kuwafikisha bongo 750 katika miongo ijayo.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wataielewa kazi hii haraka. Mfugaji anayejali hampandishi mtamba kwa baba yake. Huweka rekodi za mbegu aliyotumia ili asije akapata ndama dhaifu. Bustani za wanyama zinazoshirikiana huwa na kitabu kimoja cha nasaba kwa kila aina ya mnyama adimu. Humo huandikwa kila aliyezaliwa, wazazi wake na mahali alipo. Dume wa mji mmoja hupelekwa kwa majike wa mji mwingine kwa kufuata kitabu hicho. Bila rekodi hizo, akiba ingekuwa ya wanyama wagonjwa.

Kurudisha si kufungua lango tu

Hapa pana somo ambalo mkulima yeyote aliyepoteza ng'ombe wa gredi analijua kwa uchungu. Baadhi ya bongo waliorudishwa kutoka Marekani walikufa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, ulio wa jamii moja na ndigana kali inayoua ng'ombe wetu. Bongo aliyezaliwa ng'ambo hajawahi kuumwa na kupe wa Kenya, na mwili wake haujui kupigana na ugonjwa huo. Ni sawa na kumnunua ng'ombe wa Friesian aliyelelewa zizini bila kupe, kisha kumwachilia malishoni bila kumwogesha.

Kwa sababu hiyo wanaorudishwa huwekwa kwanza ndani ya ua, chini ya macho ya madaktari wa mifugo na wa wanyamapori. Wanaosonga mbele kwenda msituni ni watoto wao waliozaliwa hapa, na hata hao huachiliwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana kutoka mwaka wa 2004 hadi Mawingu ilichukua miaka 18. Anayetaka matokeo ya haraka katika kazi hii atavunjika moyo.

Jirani zetu Watanzania wana mfano mwingine. Katika korongo la Mto Kihansi, mwaka wa 1996, aligunduliwa chura mdogo sana mwenye urefu wa takriban sentimita mbili, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko hayo tu, na si mahali pengine popote duniani. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji ya maporomoko yakapungua na manyunyu yakakauka. Mwaka wa 2000 vyura 499 walichukuliwa hadi Marekani. Wengi walikufa mwanzoni, kwa kuwa hakuna aliyejua jinsi ya kuwatunza. Bustani za Bronx na Toledo zilijifunza polepole kiasi cha unyevu, mwanga na chakula walichohitaji, na vyura wakaanza kuongezeka.

Kule Kihansi hali ilizidi kuwa mbaya, ukazuka na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura. Mwaka wa 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata kundi la vyura 100 lilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka wa 2012 zaidi ya 2,000 wakaachiliwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamewekwa kuiga manyunyu ya zamani. Tanzania ilipata umeme wake, na chura naye hakupotea kabisa. Kama asingewekwa akiba mapema, kusingekuwa na cha kurudisha.

Kazi ya pili: fedha na ujuzi

Si kila bustani ya wanyama ina mnyama wa kurudisha. Nyingi husaidia kwa kutuma sehemu ya fedha za viingilio. Bustani ya Zürich nchini Uswisi imejenga eneo linaloitwa Lewa Savanna, kwa jina la hifadhi ya Lewa iliyoko Meru, na bustani hiyo huchangia kazi za hifadhi hiyo. Mtoto wa Uswisi anayelipa kumtazama kifaru wa Zürich anasaidia pia kumlinda kifaru wa Meru.

Msaada mwingine ni wa ujuzi. Huko Samburu kuna kituo cha Reteti, kinachomilikiwa na jamii, ambacho tangu mwaka wa 2016 huwalea ndovu wachanga waliopoteza mama zao. Wataalamu wa bustani ya San Diego, Marekani, wamekuwa wakishirikiana na walezi wa kituo hicho kutafuta maziwa yanayomfaa mtoto wa ndovu. Jibu lililopatikana halikutoka dukani. Lilikuwa maziwa ya mbuzi, na sasa wanawake wa eneo hilo huyauza kituoni. Ndovu wananenepa, na akina mama wanapata ada za shule.

Watu hao hao wa San Diego walishiriki kuanzisha mpango unaoitwa Twiga Walinzi, ambapo vijana wa jamii za kaskazini mwa Kenya huajiriwa kuwafuatilia twiga, kuondoa mitego na kuzungumza na wafugaji. Kazi hiyo haihitaji vizimba. Inahitaji kijana anayeijua nchi yake na lugha ya nyumbani kwake.

Mahali bustani zinaposhindwa

Haitakuwa haki kuzisifu bustani za wanyama bila kutaja mapungufu yake. Kuna mahali pengi duniani ambapo mnyama hufungiwa kwenye kizimba kidogo ili watu wacheke na kupiga picha. Hapo hakuna uhifadhi. Tena, baadhi ya wanyama wanaosifiwa leo kuwa wameokolewa walichukuliwa kwetu wakati ambapo Mwafrika hakuulizwa lolote, au aliambulia ujira wa kubeba kamba. Mwananchi anayeuliza, "Kwa nini tuwashukuru kwa kuturudishia kilicho chetu?" ana hoja. Shukrani na swali hilo vinaweza kukaa pamoja.

Pia, akiba ikichelewa kutolewa haisaidii. Mwezi wa Desemba 2009, vifaru weupe wanne wa kaskazini waliletwa Ol Pejeta, Laikipia, kutoka bustani ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki. Walikuwa Sudan, Suni, Najin na Fatu. Porini aina yao ilikuwa imemalizwa na majangili. Ilitumainiwa kwamba hewa ya Afrika ingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka wa 2014, na Sudan, dume wa mwisho duniani, akafa Machi 2018 akiwa na miaka 45. Wamebaki Najin na bintiye Fatu pekee.

Tangu mwaka wa 2019 madaktari wamekuwa wakitoa mayai ya vifaru hao na kuyarutubisha huko Italia kwa mbegu za madume waliokufa, zilizohifadhiwa kwenye barafu. Mwezi wa Januari 2024 ilitangazwa kwamba kifaru wa aina nyingine, mweupe wa kusini, alikuwa amepandikizwa kiinitete cha aina yake na kushika mimba hapo hapo Ol Pejeta, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa kifaru. Kwa bahati mbaya, mama huyo alikuwa tayari amekufa kwa maambukizi ya bakteria yaliyofuata mafuriko. Kazi inaendelea, na gharama yake ni kubwa mno ikilinganishwa na ambayo ingetumika kuwalinda vifaru walipokuwa bado wengi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo Ol Pejeta ukuta unajengwa kwa bei ghali.

Fundisho ni moja. Bustani ya wanyama ni ghala. Ghala halilimi shamba. Bongo wanaweza kufika 750 hifadhini, lakini kama hakuna msitu wa kuwapokea, watabaki wafungwa wenye majina mazuri.

Haya yanatuhusu vipi?

Mkazi wa Eldoret anaweza kusema kwamba bongo ni habari ya watalii. Basi na afungue mfereji nyumbani kwake. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka bwawa la Chebara, katika Mto Moiben, na mto huo huanzia Milima ya Cherangani. Msitu uliompa bongo makao ndio unaotunza maji tunayopikia na kunyweshea ng'ombe. Bongo alipoondoka Cherangani hakuna aliyepiga kengele. Msitu wenyewe ukiondoka, mifereji itatuambia.

Kwa hivyo kuna mambo ambayo kila mtu anaweza kuyafanya akiwa hapa hapa.

La kwanza, mitego ya nyaya. Mtego uliotegwa kwa ajili ya paa haumtambui bongo wala ndama wa jirani. Mwenye kuona mtego msituni amjulishe chifu, afisa wa misitu au ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza uwindaji wa nyama pori na adhabu zake ni kali.

La pili, fidia. Sheria hiyo hiyo inampa haki mwananchi aliyejeruhiwa, aliyefiwa au aliyeharibiwa mali na wanyama waliotajwa humo kudai fidia. Asijichukulie sheria mkononi kwa kutega sumu. Apige ripoti mapema, na ahifadhi ushahidi.

La tatu, safari za shule. Si lazima mtoto wa Turbo au Kesses afike ng'ambo. Hifadhi ya Impala iko Kisumu. Karibu na Kitale kuna Mbuga ya Saiwa, iliyo ndogo kuliko zote nchini, ambayo ilitengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya swara wa majini aitwaye sitatunga. Walimu wanaopanga safari wasiishie kuwahesabu wanyama. Wawaulize wanafunzi: mnyama huyu anaishi wapi porini? Anaondolewa na nini? Nani anamlipia chakula?

La nne, masomo na kazi. Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha usimamizi wa wanyamapori. Udaktari wa wanyama, utafiti wa magonjwa ya kupe, utunzaji wa kitabu cha nasaba na ulinzi wa misitu ni kazi za mshahara, na zinafaa zifanywe na vijana wetu. Miaka 50 iliyopita wataalamu wa bongo walikuwa wageni. Wa miaka 50 ijayo wanaweza kutoka Kapseret au Ainabkoi.

La tano, miti. Anayepanda miti ya kienyeji kando ya mto badala ya kulima hadi ukingoni anamtengenezea mnyama njia, na anajilinda yeye mwenyewe dhidi ya kiangazi.

Kwa kumalizia

Twiga wa Soy waliondoka kwa sababu hapakuwa na mpango wa mapema wa kuishi nao. Waliokolewa kwa sababu watu wachache walichukua hatua kundi likiwa bado lipo. Bongo wa Cherangani hakupata bahati hiyo milimani kwake, lakini damu yake bado ipo duniani, na sehemu ya damu hiyo imeanza kurudi nyumbani. Kama siku moja itafikiriwa kumrudisha Cherangani, swali la kwanza halitaulizwa Florida wala Nanyuki. Litaulizwa kwetu sisi tunaopakana na milima hiyo: je, msitu upo?

Siku hiyo tuwe na jibu zuri la kuwaonyesha watoto wetu.